Panya na Samaki wa Gopło

Kwa miaka kumi na minane nilifundisha katika shule moja iliyo karibu na Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wangu kuyatazama makaburi ya Wapolandi. Huenda, ndugu msomaji, unakifahamu kisa hicho. Mnamo 1940 na 1941 familia nyingi za Kipolandi ziliondolewa makwao kwa amri ya Stalin na kusafirishwa hadi Siberia na pembe nyingine za mbali za nchi ile. Walionusurika na njaa na baridi walitoka baadaye kupitia Uajemi, na tangu 1942 kiasi cha watu elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa katika vibanda vya msonge pale Tengeru, si mbali na ziwa Duluti. Walilima, walijenga kanisa na shule, walizika wafu wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilikuwa imekwisha. Wanafunzi wangu hawakukosa kuniuliza: "Mwalimu, kwao hawa watu kulikuwaje?" Nami sikuwa na jibu zaidi ya yale yaliyomo katika atlasi.

Basi binti yangu alipoolewa na Mpolandi na kuhamia mji wa Poznań, naye akaniita niwatembelee, nilimwambia kwamba makanisa na makumbusho yangoje kwanza, wanipeleke kwenye ziwa lao moja. Mkwe wangu alijibu papo hapo: Gopło. Herufi ile yenye mkwaju tumboni husomwa kama w yetu, kwa hiyo wewe sema "Gopwo" na hutakosea sana.

Tulikwenda mwezi wa Septemba. Kutoka Poznań ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, unaelekea mashariki hadi nyanda za Kujawy, ambako ardhi ni tambarare na udongo ni mweusi kama ule wa mbuga zetu. Mashamba ya viazisukari, ambavyo wao hutengenezea sukari kama sisi tunavyotumia miwa, yanaenea mpaka jicho linachoka. Sikuona kilima. Halafu, bila onyo lolote, maji yakatokea nyuma ya nyumba za mji mdogo uitwao Kruszwica.

Kwa mtu aliyepata kusimama Mwanza au Kigoma, Gopło si ziwa la kutisha. Lina urefu wa kilomita kama ishirini na tano, lakini ni jembamba, na penye kina kirefu kabisa ni mita kumi na sita tu. Mto Noteć unapita ndani yake, na kweli lilinifanania na mto ulioona uchovu ukakaa chini kupumzika. Matete yamejaa kingo zote mbili. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na vijana wa makasia walikuwa wakipita kimya kimya katika mashua zao nyembamba, wanaonekana, wanapotea, wanaonekana tena. Bata bukini walikuwa wakisikika mahali fulani tusipopaona. Nilisimama pale kwa muda mrefu hata binti yangu akanifunga shali yake shingoni bila kuniuliza. Ni mahali pazuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mengi nitakayoyasema baadaye si mazuri, na nisingependa msomaji adhani kwamba sikuuona uzuri wake.

Karibu na maji umesimama mnara wa matofali mekundu, wenye pembe nane na urefu wa mita thelathini na mbili. Wenyewe wanauita Mysia Wieża, yaani Mnara wa Panya. Zamani pale palikuwa kisiwa; kazi za kuurekebisha mto Noteć katika karne ya 18 na ya 19 zilishusha maji ya ziwa, na kisiwa kikageuka rasi. Tulipanda ngazi polepole kwa ajili ya magoti yangu. Kule juu kulikuwa na watoto wa shule pamoja na mwalimu wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kikazi ambayo ningeitambua popote duniani. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua anasimulia, na nilijua amefika wapi katika masimulizi yake kwa namna watoto walivyoanza kupiga mayowe na kuruka kama watu wanaotambaliwa na kitu miguuni. Amefika kwenye panya.

Hekaya yenyewe mkwe wangu alinisimulia kule kule juu, nayo ni hii kwa ufupi. Alikuwako mtawala jina lake Popiel, mtu mvivu na katili, aliyetawaliwa na mkewe. Mke huyo, wasema wasimuliaji, alikuwa mwanamke wa kutoka Ujerumani. Popiel alikuwa na baba zake wadogo wengi, ndugu wa marehemu baba yake, waliokuwa wakimshauri na kumkemea. Kwa hila ya mke, Popiel alijifanya mgonjwa wa kufa, akawaita wote waje kumuaga, akawanywesha sumu katika kikombe cha kuagana. Hakuwazika. Maiti zao zikatupwa ziwani. Kutoka katika maiti hizo wakatokea panya, maelfu kwa maelfu, wakamwandama yeye na mkewe. Akakimbia kwa mashua, panya wakaogelea. Akajifungia mnarani, panya wakapanda. Wakamla.

Wakati huo huo, hekaya inaendelea, kulikuwa na fundi wa magurudumu maskini jina lake Piast. Wageni wawili waliofukuzwa kwenye karamu ya mtawala walifika kwake siku ya sherehe ya kumnyoa mwanawe nywele za kwanza, naye akawakaribisha kwa kile kidogo alichokuwa nacho. Pombe ikamiminwa na haikwisha, nyama ikaliwa na ikabaki. Mtoto yule, Siemowit, ndiye aliyekuja kutawala baada ya Popiel, na kutoka kwake ukatoka ukoo wa wafalme wa kwanza wa Polandi.

Mimi ni mwalimu, na ualimu ni ugonjwa usiopona. Niliuliza mnara ulijengwa lini. Mkwe wangu akacheka, kwa kuwa alilitazamia swali hilo. Mnara ulijengwa katika karne ya 14, kwa amri ya mfalme Kazimierz wa Tatu, aliyetawala tangu 1333 hadi 1370. Popiel, kama aliwahi kuwako, angekuwa mtu wa karne ya 9. Kwa maneno mengine panya walimla katika mnara uliojengwa miaka mia tano baadaye. Na huyo Kazimierz alikuwa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Piast. Ngome iliyouzunguka mnara iliharibiwa na Waswidi katika vita vya miaka ya 1650. Mnara ndio uliobaki peke yake, na hekaya ikauhamia kama kaa anavyohamia koa tupu.

Si hilo tu. Mwandishi wa kwanza kabisa kukiandika kisa hiki, mtawa au kasisi mgeni ambaye jina lake halijulikani na ambaye watu wa baadaye wakambandika jina la Gallus, aliandika kwa Kilatini katika miaka ya 1110. Kwake yeye karamu ya mtawala haikuwa Kruszwica bali Gniezno, mji ulio mbali kidogo na ziwa. Panya wamo, na kisiwa kimo, lakini sumu haimo, wala baba wadogo hawamo. Hao waliingizwa karibu miaka mia moja baadaye na askofu Wincenty Kadłubek wa Kraków, na waandishi waliofuata ndio waliokihamishia kisa Kruszwica. Wajerumani nao wana mnara wao wa panya katika mto Rhine, karibu na Bingen, na ndani yake panya walimla askofu mkuu. Inaonekana panya wa zama zile walikuwa na kazi nyingi.

Nilicheka, nikaridhika, na kama mambo yangeishia hapo ningeandika barua ya kuchekesha kwa wenzangu wa Arusha basi.

Tulishuka tukaenda kula. Niliagiza samaki, kwa maana mtu hafiki ziwani akala kuku. Aliletwa amekaangwa mzima, na viazi na kachumbari ya kabichi, naye alikuwa mtamu. Nilipofika katikati ya samaki wangu, mkwe wangu akasema, kwa ile sauti ya mtu asiyejua kama afunge mdomo au aendelee: "Baba, yuko mwandishi aliyesema kwamba samaki wa hapa hawaliwi." Nikaweka uma chini.

Mwandishi huyo ni yule yule Gallus. Na safari hii hakuwa anaandika hekaya ya zama za kale bali jambo lililotokea kiasi cha miaka ishirini tu kabla ya kushika kalamu. Mtawala wa Polandi wakati huo alikuwa Władysław Herman. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Zbigniew, alizaliwa na mwanamke ambaye ndoa yake ilikuja kuhesabiwa kuwa si halali. Wakampeleka kwa mapadri ili asije akadai kiti. Mdogo, Bolesław, alizaliwa na mke wa kifalme. Zbigniew alirudi, akadai. Mwaka 1096 alijificha Kruszwica, na watu wa Kruszwica wakasimama upande wake. Baba akaja na jeshi. Wakapigana papo hapo kando ya ziwa, baba na mwana, na baba akashinda. Gallus anasema kwamba damu na maiti zilizoingia ziwani zilikuwa nyingi kiasi kwamba tangu siku hiyo Mkristo mwema aliona kinyaa kula samaki wa maji yale. Na mji wa Kruszwica, uliokuwa na mali na askari tele, ukawa karibu na jangwa.

Hilo lilitokea. Na siku ile sikuona kibao chochote chenye samaki. Panya tuliwaona kila mahali: panya wa mbao, panya wa vitambaa, panya waliochorwa kwenye vikombe, na binti yangu alikuwa ameninunulia mmoja wa kuwapelekea wajukuu. Watoto wale kule mnarani walikuwa wakipigia mayowe panya. Nikajiuliza kwa nini watu wa mahali pamoja wachague kukumbuka jambo ambalo halikutokea, na kulisahau lililotokea.

Mkwe wangu alikuwa na jibu, na si jibu baya. Alinikumbusha kwamba tangu 1795 hadi 1918 nchi yake haikuwako kwenye ramani. Mataifa matatu yaliigawana, na pande hizi za Kujawy zilikuwa chini ya Prusia. Watu waliokatazwa mambo yao walikuja kulitazama ziwa hili na kuambiana kwamba hapa ndipo tulipoanzia, kwa mkulima maskini aliyekaribisha wageni. Kisa cha Piast kiliwatunza. Ungewapa nini badala yake, akaniuliza: baba na mwana wakichinjana? Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo nakubali kwamba mtu mwenye njaa ya kwao hulishwa kwa kile kilichopo. Nilikumbuka watoto wa Tengeru, ambao bila shaka waliletewa hekaya hii katika darasa la msonge chini ya Mlima Meru, na sidhani kwamba mwalimu wao aliwadhulumu.

Lakini Piast ni nusu moja tu ya hekaya. Ile nusu ya panya ndiyo iliyonikaa kooni.

Tazama kazi inayofanywa na panya. Kwanza, wanatoa hukumu bila mtu yeyote kuinua mkono. Hakuna aliyemshtaki Popiel, hakuna jirani aliyesema "basi", hakuna mtumishi aliyekataa kubeba kile kikombe. Uovu unazaa adhabu yake kama nyama iozayo inavyozaa funza, na sisi wengine tunatazama kutoka ng'ambo ya maji. Nani asingependa dunia ya namna hiyo? Katika ile habari ya kweli, panya hawakuja. Władysław Herman alikufa kwa kifo chake mwaka 1102. Bolesław, baada ya ndugu hao wawili kugawana nchi na kuipigania, alimwita Zbigniew arudi, kisha akampofusha macho, yapata mwaka 1112. Alifanya toba hadharani na kwenda hija, hilo lazima tumpe, halafu akaendelea kutawala hadi 1138. Gallus alikuwa akiandikia jumba la Bolesław huyo huyo, na unapokisoma kitabu chake katika tafsiri unamwona anavyotembea kwa ncha za vidole kila anapofika karibu na macho ya Zbigniew.

Pili, panya wanamwonyesha mwenye kosa kuwa si mwenzetu. Popiel ni mbovu tangu tumboni. Na hata yeye asingefanya lile kama si mwanamke wa kuja. Ukoo uliooza umekwisha, ukoo mwema umeanza, na sisi, bila shaka, ni wa ukoo mwema. Ilhali waliopigana mwaka 1096 walikuwa wajukuu wa Piast mwenyewe, pande zote mbili.

Kuna jambo moja linanisumbua, nami nalisema kama dhana ya mzee asiye mwanahistoria. Askofu Kadłubek alipoongeza maiti za baba wadogo, zile za Gallus zilikuwa zimekwisha kulala katika maji ya Gopło kwa miaka mia moja. Maiti za ndugu, ndugu waliouawa na ndugu. Na katika karne ya 19, mshairi Juliusz Słowacki alipotaka mahali pa kuuweka mchezo wake wa *Balladyna*, uliochapishwa 1839, ambamo msichana anamuua dada yake wakiwa wanachuma matunda msituni, aliuweka kando ya ziwa hili hili. Watu waliwasahau samaki, lakini kila anayetunga kisa cha Gopło humtumbukiza humo ndugu aliyeuawa na nduguye. Huenda hekaya haisahau kama nilivyodhani mwanzoni. Huenda inajua, ila inaona haya kutaja majina.

Katika lugha yetu jambo hilo lina uchungu wa pekee. Mkwe wangu aliposimulia alisema kwa Kiingereza kwamba Popiel aliwaua wajomba zake, maana Kiingereza hakina neno la kumtenga ndugu wa baba na ndugu wa mama. Binti yangu akamsahihisha: "Si wajomba. Ni baba wadogo." Akasema kwamba kwetu mtu huyo amewaua baba zake wote. Kisha akanyamaza, akanitazama, nikajua tunakokwenda.

Ndugu msomaji, mimi ni Mchaga, mtoto wa mwisho katika nyumba ya wana wawili. Kwa desturi yetu kitinda mimba hurithi kihamba alichokalia baba, na mkubwa hupewa chake mapema. Kaka yangu alipewa chake, kikapakana na hicho kilichokuja kuwa changu. Alikwenda kufanya kazi Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, akaoa huko huko. Baba alifariki mwaka 1983. Mama alimfuata miezi minane baadaye, kwa ugonjwa wa tumbo, naye siku tatu kabla ya kuugua alikuwa amekula kwa kaka yangu, chakula kilichopikwa na shemeji yangu.

Huhitaji kuambiwa kisa kilichozaliwa hapo. Mwanamke wa Tanga. Kila mtu anajua wanayoyasema watu wa bara juu ya wanawake wa Tanga. Sikukianzisha mimi, hilo naweza kuapa. Lakini sikukikanusha, na kadiri watoto wangu walivyokua nilikiacha kiingie nyumbani kama moshi. Niliwaambia kwamba kwa Baba Mkubwa hatuli. Hawakuwa na haja ya kuuliza sababu, jirani walishawaambia. Kila Krismasi tulipopanda mlimani kama Wachaga wote wanavyofanya, tuliamkiana na upande wa pili kutoka barabarani, kwa heshima zote, na hakuna aliyevuka.

Na ile habari ya kweli ni hii. Mwaka ule wa 1983, kaka yangu akiwa bado Tanga, niliing'oa mistari ya masale iliyokuwa mpaka wetu nikaipanda upya upande wake. Nilijiambia kwamba baba angetaka hivyo, kwa kuwa migomba iliyokuwa pale aliipanda yeye. Aliporudi aliona. Mchaga gani asiyeona sale lililohamishwa? Alikuja mlangoni kwangu mara moja, akasimama, akasema jina langu la utotoni, akaondoka. Hakunishtaki kwa mchili wala kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ugomvi ulikuwa umeshaanza kabla mama hajaugua. Kifo cha mama kilikuja kama panya: kikanipa mkosaji mwingine, tena mgeni, na tangu hapo hakuna aliyeuliza juu ya masale, hata mimi mwenyewe. Labda ndiyo sababu nilikielewa upesi mno kisa cha Popiel kule juu mnarani.

Kwa hiyo najua sasa swali nililotoka nalo Kruszwica, nalo si lile la kama hekaya ni uongo. Ni swali la samaki. Watu wa Kruszwica walikuwa na watoto, na ziwa lilikuwa pale pale mlangoni. Lazima ilifika siku mama mmoja akasema inatosha, akatia samaki chunguni. Ni nani aliyempa ruhusa? Alingoja nini? Mtu anaweza kusema muda tu ulipita, damu hufifia katika maji. Kwa ndugu waliokufa wote labda hilo linatosha, maana hakuna aliyebaki wa kuombwa radhi, na mimi sikuona aibu kummaliza samaki wangu siku ile, ingawa alikuwa amepoa. Lakini kaka yangu hajafa. Ana miaka themanini na mmoja, na husikia vizuri kwa sikio la kushoto. Shemeji yangu naye yu hai, na kwa zaidi ya miaka arobaini amepika kila Krismasi chakula ambacho watoto wangu hawakukigusa. Nadhani kula samaki mapema, kabla mtu hajataja kilichomo majini, ndiko kunakowalazimu watu kuwatafuta panya.

Kwa Wachaga, mtu akitaka kuomba radhi hupeleka jani la sale. Ni mmea ule ule wa mpaka. Miaka yote hii sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Jioni, kabla ya kurudi Poznań, mkwe wangu alikwenda kuleta gari, nasi wawili tukabaki kwenye nyasi za ile rasi. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba. Bata bukini walianza kuja kwa makundi, wakijipanga na kujipangua angani, wakatua mbali kwenye matete kwa kelele kama za soko.

"Baba," binti yangu akasema, "ni kweli Mama Mkubwa alimpa bibi sumu?"

"Hapana, mama."

"Wewe ulijua?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya masale kama nilivyokuandikia hapa, bila kuruka ile sehemu ya mlangoni. Hakunikatiza. Mwishoni aliuliza nilihamisha mpaka kwa kiasi gani.

"Hatua tatu," nikasema. "Kwa urefu wote wa shamba."

Aliondoka pale ubavuni pangu, akapiga hatua tatu kwenye nyasi, akageuka kunitazama.